Vilele Vinne Kabla ya Jua Kuzama

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa Agosti mwaka 1954, nguzo iliyosimikwa juu ya kilele cha Rwakihungu ilionekana wazi kutoka uwanja wa baraza la gombolola, nayo haikuwa na nguo.

Adelgunda aliitazama mara moja akageuza macho. Kwa watu wa upande huo wa Rugu habari hiyo ilikuwa imekwisha kuchacha. Mapema mwezi huo wapagazi wa Bwana mpima ardhi walipandisha nguzo nne juu ya vilele vinne vinavyofuatana katika safu moja: Rwakihungu, Kabare, Rugongo na Nyakatete. Juu ya kila nguzo walikingamisha mti mwembamba, na kwenye ncha mbili za mti huo wakafunga nguo pana ya amerikani nyeupe, yenye waya ndani ya pindo lake la juu ili isijikunje. Bwana mpima alikuwa amepiga hema juu ya mlima wa mbali, upande wa Kyerwa, na kutoka huko alizitafuta nguo hizo kwa darubini na kupima pembe zake. Mwanzoni aliziona. Halafu asubuhi moja darubini ikaonyesha nguzo nne tupu. Halikupita juma, tarishi wa gombolola akamkuta Placida, mke wa Novatus, amembeba mtoto wake mchanga kwa amerikani mpya ambayo pindo lake bado lilikuwa na waya.

Novatus alikuwa mdogo wake Adelgunda, wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, Adelgunda ndiye aliyemlea, na hata sasa akiwa mjane mwenye wajukuu alimwita "mtoto wangu" mbele za watu. Mtoto huyo alikuwa ndani ya chumba cha mahabusu nyuma ya baraza. Maneno yake yalikuwa machache na hakuyabadilisha: alikuwa akichunga ng'ombe upande wa magharibi wa Rwakihungu, akaikuta nguo imenasa kichakani, akaichukua. Hakuna aliyemwamini. Nguo nne zimetoweka, moja imekutwa kwake, basi na hizo tatu anazijua. Kesho asubuhi gari la Bwana mpima lingepita hapo na kumchukua hadi Bukoba, akashitakiwe kwa wizi wa mali ya Serikali. Watu waliopelekwa Bukoba kwa mashitaka ya namna hiyo walirudi baada ya mwaka, wengine baada ya miwili, na mmoja hakurudi.

Mwami wa gombolola, Kashaija, alitoka barazani akiwa na fimbo yake. Ndiye aliyekuwa mkuu wa eneo lote lile, mtu asiye na hasira nyingi wala huruma nyingi.

"Shikamoo, waitu, bwana wetu," alisema Adelgunda akipiga goti.

"Marahaba. Umelala hapa hapa?"

"Nimelala kwangu, waitu. Usingizi ndio uliolala hapa."

Kashaija hakucheka, ila mdomo wake ulisogea kidogo. Akayarudia masharti waliyokubaliana jana jioni, kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwepo.

"Unasema nguo zimechukuliwa na upepo."

"Nasema hivyo. Upepo wa kiangazi unatoka mashariki. Kama ni upepo, hizo tatu zitakuwa zimelala magharibi ya vilele vyake. Kama ni Novatus, hazitakuwepo."

"Ukiikuta moja tu?"

"Nitakuwa nimeikuta moja."

"Hiyo itajibu habari ya kilele kimoja. Bwana mpima ataniuliza vyote vinne, na mimi nitamjibu nini? Nataka vyote. Na sitaki watu wa ukoo wako, watabeba nguo kwapani na kwenda kuzificha vichakani. Utakwenda wewe, na pamoja nawe atakwenda Rwegoshora. Kile atakachokiona yeye ndicho nitakachokishika. Jua likizama hamjarudi, neno langu limekwisha."

Rwegoshora alikuwa nyapara wa wapagazi waliosimika nguzo hizo, Mhaya wa Kamachumu, mrefu, mwenye buti alizorudi nazo kutoka vitani. Hakupenda kazi aliyopewa na hakuficha.

"Mwami, mafundo yangu mimi nayajua. Upepo haujui kufungua fundo."

"Basi utakuwa na siku nyepesi," alisema Kashaija, akarudi ndani.

Waliondoka mara moja. Adelgunda alikuwa na mundu kiunoni, kibuyu cha maji ya ndizi begani, na ndizi za kuchoma zilizofungwa katika jani. Kila juma alipanda na kushuka mteremko wa Rwakihungu akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akienda Kituntu kuuza. Hakuwahi kwenda zaidi ya hapo. Vilele vile vingine watu walivitazama kutoka chini. Wachungaji walifika ubavuni, na hapakuwa na sababu ya mtu kuvipanda vyote, achilia mbali kuvipanda siku moja.

"Unakwenda mbio, mama," alisema Rwegoshora walipofika nusu ya mteremko. "Safari ni ndefu. Mimi nimetembea Burma nzima."

"Burma kuna Rwakihungu?"

"Kuna milima ambayo ukiiona hii utaiita kichuguu."

"Basi ipande upesi, bwana nyapara. Kichuguu hakimchoshi mtu."

Nyasi zilikuwa kavu na zilifika kifuani. Juu zaidi zilianza kupungua, yakatokea mawe, na upepo ukawapiga ubavuni kutoka kulia. Mgongo wa kilele ulikuwa mtupu. Nguzo ilisimama imara, imeshikwa na miti mitatu ya kuegemeza, na miti hiyo ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani iliyokazwa sawasawa. Ule mti uliokingama juu ulikuwepo. Ncha zake hazikuwa na kitu.

Rwegoshora alizunguka nguzo kama mtu anayekagua nyumba yake. Akagonga, akavuta. Hakuna kilichocheza.

"Unaona kazi? Hii ikianguka, na mlima umeanguka. Sasa niambie, upepo umeacha nguzo, umeacha kamba, umekwenda kufungua mafundo mawili ya nguo?"

"Nguo nayo mliifunga kwa katani?"

"Tuliifunga kwa kamba."

"Kamba gani?"

"Kamba, mama. Kamba ni kamba."

Hakumuuliza tena. Aliteremka upande wa magharibi hadi kwenye kichaka alichoelezwa na Novatus jana kupitia tundu la mlango wa mahabusu: chini ya jiwe lenye ufa, kichaka cha miiba, peke yake. Kilikuwepo. Kwenye miiba ya upande wa mashariki, usawa wa bega, zilinasa nyuzi nyeupe. Alimwita Rwegoshora aje azione, naye alikuja, akazitazama kwa makini, akaugusa mmojawapo.

"Ni amerikani yetu," alikiri. "Lakini uzi unasema nguo imepita hapa. Hausemi imepita kwa miguu ya nani."

Hilo lilikuwa kweli, na Adelgunda alilikubali. Alikata kijiti chenye nyuzi akakitia ndani ya jani la ndizi. Kisha wakaanza kushuka kuelekea Kabare.

Kati ya Rwakihungu na Kabare palikuwa na bonde jembamba lenye mwinuko mkali pande zote mbili. Mtu akisimama kilele kimoja aliweza kumpigia mwenzake kelele kwenye kilele kingine akasikika, lakini kufika huko kulimlazimu ashuke karibu mpaka kwenye migomba na kupanda upya. Jua lilikuwa limepanda walipofika juu ya Kabare, na nguzo yake ilikuwa kama ya kwanza: imara, na tupu.

Walitafuta upande wa magharibi kwa muda mrefu. Walianza karibu na kilele, wakashuka wakipishana kulia na kushoto, Adelgunda akifyeka nyasi kwa mundu. Hapakuwa na kitu. Rwegoshora alikuwa amekwisha kukaa juu ya jiwe, buti moja mkononi akitoa changarawe, Adelgunda alipoliona korongo. Lilianzia chini ya mawe na kuteremka hadi kwenye vichaka, na ndani yake, mbali kidogo, kilikuwepo kitu ambacho kwa jinsi kilivyong'aa hakingeweza kuwa jiwe.

Alikwenda akitambaa kwa makalio. Nguo ilikuwa imejikunja na kuchafuka kwa vumbi jekundu, waya wake umepinda, lakini ilikuwa nzima. Kwenye pembe moja palining'inia kamba. Hakuigusa.

"Bwana nyapara! Vaa buti lako uje. Nataka uitoe wewe."

Rwegoshora alishuka, akaitoa nguo taratibu, akaikung'uta. Halafu akaishika ile kamba, akaigeuza.

Ilikuwa kamba ya mgomba. Ilikuwa imekauka na kuwa ya kahawia, nyembamba kama utepe wa zamani. Fundo lilikuwa pale pale lilipofungwa, limekaza. Halikukatwa na halikufunguliwa. Kitanzi kilichozunguka ncha ya mti uliokingama ndicho kilichobaki wazi, na kilikuwa kipana kiasi cha kupitisha vidole vinne.

"Mlifunga kwa kamba mbichi," alisema Adelgunda.

Rwegoshora aliingiza vidole ndani ya kitanzi, akavitoa, akaviingiza tena.

"Katani iliishia kwenye miti ya kuegemeza," alisema mwishowe.

"Nimekuuliza kule juu."

"Uliniuliza, na mimi nilikujibu kamba. Si uongo."

"Si uongo. Twende tukale."

Walikaa kwenye chemchemi chini ya Kabare, upande wenye kivuli. Adelgunda aligawa ndizi mbili mbili, akampa kibuyu anywe kwanza. Hakuwa na shangwe. Nguo mbili sasa zilijulikana zilikokuwa, na mbili bado.

"Kuna jambo silielewi," alisema. "Hata mtoto wa hapa anajua kamba ya mgomba hufungiwa ikiwa kavu. Unailowesha, unafunga, ikikauka inabana. Mbichi ina maji tele, ikikauka inasinyaa, kitanzi kinabaki kama mdomo wa ng'ombe. Ninyi Kamachumu mnajenga nyumba kwa nini, kwa Katekisimu?"

Rwegoshora alicheka bila kutaka. Alikuwa Mlutheri na alizoea kutaniwa.

"Tunajenga kama ninyi. Kamba kavu niliwaletea. Nilizinunua kwa mama mmoja wa Chonyonyo, mzigo mzima. Sasa nikuulize wewe. Umewahi kuona nguo nyeupe mpya, imefungwa kwa kamba kavu ya mgomba?"

Adelgunda aliacha kutafuna.

"Marehemu," alisema.

"Basi. Wapagazi wote ni watu wa huku huku. Nimetandaza amerikani chini, nimetoa kamba kavu, wakaangaliana. Mmoja akaweka mzigo. Wa pili akaweka. Wakaniambia, nyapara, sisi hatutamfungia mtu sanda juu ya mlima na mtu mwenyewe hatumjui. Nguo nne, maiti nne. Nani atakuwa wa kwanza? Nikapiga kelele, nikatishia. Mwisho mmoja akasema tukakate mbichi, mbichi haina neno. Jua linakwenda, Bwana anangoja. Nikasema kateni."

"Nawe ulijua zitasinyaa."

"Nilijua. Nilihesabu kwamba Bwana atamaliza kupima kabla hazijakauka. Kiangazi kimekuwa kikali."

Adelgunda alifunga jani lililobaki. Alifikiri kama yeye angekuwa mpagazi siku ile angefanya nini, na jibu lilikuja bila shida.

"Hata mimi nisingefunga kwa kavu," alisema. "Simama. Rugongo ni mrefu."

Rugongo haukuwa mrefu tu. Walipopita ukingo wa mwisho, kabla ya kilele, Adelgunda aliona kilichokuwa mbele yao, na miguu yake ikasimama. Mlima wote upande wa magharibi ulikuwa mweusi. Wachungaji walikuwa wameuchoma moto, kama wanavyofanya kila mwaka mwisho wa kiangazi ili mvua zikija nyasi changa ziote kwa ng'ombe. Nguzo ilikuwa imeungua upande mmoja lakini ilisimama. Chini yake, hadi bondeni, palikuwa na majivu, mawe, na visiki vya vichaka vilivyobaki kama vidole.

"Amerikani haistahimili moto," alisema Rwegoshora kwa upole.

"Najua."

"Mwami amesema vyote vinne."

"Nilikuwepo, bwana nyapara. Alisema mbele yangu."

Alianza kutafuta. Alikwenda polepole, akipangusa majivu kwa mguu, akigeuza mawe madogo kwa ncha ya mundu. Alikuwa akitafuta kitu ambacho pengine hakikuwepo tena, na alilijua hilo, lakini hapakuwa na jambo lingine la kufanya ambalo lingemsaidia Novatus. Jua lilikuwa limepita katikati. Upepo uliinua majivu na kumtia machozi. Mara moja tu aliwaza gari la Bwana mpima, lilivyo na turubai nyuma, na mtu anavyokaa humo ndani mikono imefungwa. Akarudi kwenye majivu.

Rwegoshora alikuwa ameteremka upande wa kushoto, hatua nyingi kutoka kwake. Adelgunda alipoinua kichwa kufuta macho, alimwona amesimama. Hakuwa ameinama, hakuwa anatafuta. Alikuwa akitazama chini karibu na jiwe kubwa. Buti lake la kulia lilisogea mbele juu ya majivu, likabaki hapo. Alisimama hivyo kwa muda. Alikuwa nyapara kwa miaka mingi. Kazi ya namna ile hapakuwa na nyingine kama hiyo hadi Bukoba mjini, na waliokuwa wakiisubiri walikuwa wengi. Adelgunda hakumwita. Alishika mundu wake, akangoja.

Rwegoshora aliondoa mguu.

"Mama! Njoo hapa."

Alikwenda akikimbia, akateleza, akaanguka kwa magoti, akainuka. Chini ya jiwe, mahali moto ulipopita haraka, palikuwa na waya. Ulikuwa umepinda na kuungua kuwa wa buluu, lakini urefu wake ulikuwa ule ule wa waya wa Kabare, waliupimanisha. Ncha yake moja ilikuwa imebanwa na jiwe, na hapo chini pindo la amerikani, refu kama kiganja, lilibaki bila kuungua. Lilikuwa jeupe.

"Waya wa Bwana," alisema Rwegoshora. "Niliukata mwenyewe kwa koleo. Tazama ncha, zimebonyea."

"Nimeona."

"Ningeweza kutokuita."

"Nimeona na hilo," alisema Adelgunda. "Asante, Rwegoshora."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku hiyo kumtaja kwa jina.

Kilibaki Nyakatete. Katika kuanguka kule Adelgunda alikuwa ameumia goti la kushoto, na walipofika bondeni lilikuwa limevimba. Rwegoshora alilitazama, akatazama jua, akatazama Nyakatete, mlima wa mwisho na wenye mteremko mkali kuliko yote.

"Kaa hapa. Nitapanda, nitashuka, nitasema nilichokiona."

"Mwami alisema wewe na mimi. Kesho Bwana mpima atauliza, yule mwanamke alikuwa wapi? Mtajibu nini, alikuwa bondeni akisugua goti?"

"Wewe ni mbishi kama ng'ombe wa mahari."

"Ng'ombe wa mahari hufika. Nipe fimbo."

Alimkatia fimbo. Walipanda polepole. Mahali palipokuwa na mawe matupu Rwegoshora alitangulia na kumpa mkono, na Adelgunda aliushika. Mara mbili walikaa, si kwa kupenda. Walipofika juu, safu nzima ilionekana nyuma yao, Rugongo mweusi ubavuni, Kabare, na Rwakihungu mbali ukiwa mdogo. Na mbele, upande wa Kyerwa, milima ya buluu ambako Bwana mpima alikuwa na darubini yake.

Nguzo ya Nyakatete ilikuwa tupu juu. Adelgunda alianza kugeuka aelekee magharibi, Rwegoshora akamshika kiwiko.

"Ngoja."

Nyasi za kilele hicho zilikuwa ndefu, na chini ya nguzo, katikati ya miti ya kuegemeza, palikuwa na weupe. Walizitenganisha nyasi. Nguo ilikuwa imelala hapo, imezunguka mguu wa nguzo. Kitanzi kimoja kilikuwa kimechomoka kwenye ncha ya mti uliokingama, nguo ikaanguka upande, ikabaki imening'inia kwa kitanzi cha pili. Nacho kilikuwa bado kwenye mti huo, lakini pembe ya nguo iliyopita ndani yake ilikuwa imechomoka kwa uzito. Fundo lilikuwa zima. Kutoka Kyerwa hakuna darubini ambayo ingeiona nguo iliyolala ndani ya nyasi.

Rwegoshora alipanda kwenye miti ya kuegemeza, akanyoosha mkono. Aliingiza ngumi yake yote ndani ya kitanzi. Iliingia.

"Hakuna mwizi anayeiba nguo akaiacha chini ya nguzo," alisema kutoka juu.

Adelgunda alikaa chini. Alicheka, kicheko kifupi, kisha akagundua kwamba analia, akafuta uso kwa kanga yake, na majivu yakamwenea mashavuni. Rwegoshora alijifanya kushughulika. Hakukifungua kile kitanzi. Aliushusha mti wenyewe pamoja na kitanzi chake, akaubeba begani hivyo hivyo, na nguo mbili juu yake, na waya mkononi.

Hawakurudia vileleni. Walishuka hadi njia ya bondeni inayopita pembeni mwa migomba, njia iliyo ndefu lakini tambarare, na watu waliokuwa wakirudi kutoka mashambani waliwapisha. Mzee mmoja aliuliza kama wanatoka kuzika. Rwegoshora akamjibu kwamba hapana, wanatoka kufufua, na mzee akavua kofia.

Jua lilikuwa limegusa milima walipoingia uwanjani. Kashaija alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya baraza, akiwangoja. Placida alikuwa chini ya ukuta na mtoto wake, safari hii kambeba kwa kanga kuukuu. Rwegoshora aliweka vyote chini, kimoja baada ya kingine, na kutaja kila kimoja kilikotoka: nyuzi za Rwakihungu, nguo ya Kabare na kamba yake, waya wa Rugongo na pindo, nguo ya Nyakatete na mti wake. Kashaija aliinama. Aliingiza vidole ndani ya kitanzi cha Kabare, kisha ngumi ndani ya kile cha Nyakatete.

"Mafundo yako hayakufunguka," alimwambia Rwegoshora.

"Hayakufunguka, mwami. Kamba ndiyo iliyosinyaa. Ilikuwa mbichi, na niliyeruhusu ni mimi."

"Bwana mpima anafika asubuhi. Nani atamwambia?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Kashaija alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia tarishi afungue.

Novatus alitoka akipepesa macho. Alikuwa na nyasi za kulalia nyweleni. Alimtazama dada yake, uso wenye majivu, goti lililovimba, fimbo.

"Shikamoo, dada. Ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Nilikwenda kutembea."

"Wewe," Kashaija alimwambia Novatus, "nguo uliyoiokota ni ya Serikali. Kwa nini hukuileta hapa?"

"Waitu, ilikuwa kichakani. Nilidhani kitu cha kichakani ni cha anayekiona."

"Umekosea. Itarudishwa asubuhi."

Placida alitoa sauti ndogo. Ikabidi aseme. Nguo alikuwa ameikata vipande viwili, kimoja cha kumbebea mtoto, kimoja cha kumlaza. Kashaija alifunga macho kwa muda kidogo, na alipoyafumbua alikuwa anacheka, mabega yakimtikisika.

"Basi ishone," alisema. "Una usiku mzima."

Asubuhi gari la Bwana mpima lilifika. Rwegoshora aliongea naye kando, peke yao, na waliokuwa mbali walimwona Bwana mpima akivua kofia, akijikuna kichwa, kisha akienda mwenyewe nyuma ya gari na kutoa bunda jipya la kamba ya katani. Gari lilirudi Kyerwa bila mtu mwingine ndani. Rwegoshora alipanda mlimani na wapagazi wake, na Novatus akaenda nao kuwaonyesha njia fupi ya ng'ombe.

Kabla ya jioni nguo ilionekana juu ya Rwakihungu. Placida alikuwa ameishona kwa uzi mwekundu, kwa kuwa mweupe ulikwisha, lakini kutoka uwanja wa baraza mshono huo haukuonekana.